Soma Mifumo ya Habari kwa Daftari la Madeni

Wewe uliyeitwa chuo kusomea mifumo ya habari, kabla hujakopa pesa za kompyuta ya bei, tafuta daftari la madeni. Mimi nilitumia la shangazi yangu, muuza mbaazi na mahamri kule Kongowea, Mombasa. Mtihani wa kwanza wa hifadhidata, yaani data iliyopangwa kwenye kompyuta, ulikuwa umeshanigaragaza. Maelezo ya mhadhiri niliyakariri kama kasuku, nisielewe kitu.

Fanya hivi. Nakili kurasa tatu za daftari ziwe jedwali moja: jina, simu, alichochukua, bei, deni. Kisha lichokonoe. Mteja akibadilisha laini, utarekebisha namba mara ngapi? Akilipa ukamfuta, na namba yake si imekwenda naye? Na mgeni ambaye hajakopa utamwandika wapi? Maswali hayohayo ndiyo yaliyomshughulisha Edgar Codd wa IBM, aliyependekeza mwaka 1970 data ipangwe kwa majedwali yanayohusiana. Basi pasua: wateja kando, bidhaa kando, mauzo kando. Kila mteja mpe namba yake ya utambulisho, si ya simu, maana kwa shangazi kuna Mama Asha wawili, na mmoja alishawahi kudaiwa mahamri ya mwenzake. Hiyo siku acha tu.

Bei ndiyo iliyonitoa jasho. Niliiweka kwenye jedwali la bidhaa peke yake. Shangazi akapandisha hamri kutoka shilingi 10 hadi 15, programu yangu ikapandisha na madeni ya mwezi uliopita. "Wewe mtoto, wataka nigombane na watu?" Ndipo nikajua bei ya siku ile huandikwa kwenye mstari wa mauzo, hata ikionekana ni kurudia.

Kuandika programu: kila siku kidogo, hakuna njia ya mkato. Katika kazi za kikundi, omba kwenda kuwahoji watumiaji. Wenzako wataikimbia kwa sababu haina kompyuta, na ndiyo nusu ya taaluma hii.

Mafunzo ya kazini anza kuyatafuta muhula mmoja kabla. Usitume barua pepe tu. Panda matatu, zungukia maofisi ya mawakala wa forodha, wanaoshinda na makaratasi ya makontena. Beba michoro yako ya majedwali. Aliyenipokea mimi alipita alama zangu haraka, akasimama kwenye mchoro wa mahamri, akauliza bei mbona iko mahali pawili.