Avalanche kwa Kiswahili: lini uandike theluji na lini uiache

Wadau, hii naiandikia hasa nyie mnaoanza kutafsiri habari na maandishi ya chini ya video, maana neno la Kiingereza avalanche linakwamisha wengi na mimi lilishawahi kuniharibia kazi ya mteja, nitaeleza mbele. Ukifungua kamusi unakuta poromoko la theluji, unaandika, unaendelea vizuri tu, halafu aya inayofuata inasema ofisi imepata avalanche ya barua, yaani barua nyingi mno kwa mpigo, na hapo ndo kazi inapoanza.

Hatua ya 1: kione kitu chenyewe kwanza

Wengi wetu tumekua bila kukanyaga theluji kwa hiyo tunachanganya. Theluji ikitoka angani tunasema inaanguka au inadondoka, ikija na upepo mkali hiyo ni dhoruba ya theluji, na zote mbili sio avalanche. Avalanche ni theluji ambayo ilishatua mlimani, imelala tabaka juu ya tabaka, sasa tabaka la chini likiwa dhaifu lile la juu linapasuka na kuteleza lote kwa mpigo, hasa kwenye miteremko ya nyuzi 30 mpaka 45. Mteremko ukiwa wima sana theluji haipati nafasi ya kurundikana, ukiwa mlalo haitelezi. Neno lenyewe limetoka kwa watu wa milima ya Alps, kwenye lahaja zao ilikuwa lavanche, likaja kuchanganyikana na kitenzi cha Kifaransa cha zamani chenye maana ya kushuka bondeni. Kwa hiyo ndani ya neno kuna kushuka, na Kiswahili tuna kitenzi kinachobeba hilo vizuri kabisa: kuporomoka.

Hatua ya 2: uliza kilichoporomoka ni nini

Hapa msiruke tafadhali. Kiingereza kinaweza kusema avalanche kwa theluji, kwa barafu, hata kwa mawe, lakini Kiswahili kinataka utaje kitu, maana maporomoko peke yake yanaweza kuwa hata ya maji. Kijiji cha Galtür kule Austria, Februari 1999, watu 31 walikufa, hiyo ni maporomoko ya theluji bila shaka. Ila Everest Aprili 2014, pale walipokufa wafanyakazi 16 wa Nepal, lilikuwa ni pande la barafu lililomeguka juu, kwa hiyo andika maporomoko ya barafu. Na Yungay nchini Peru, tetemeko la tarehe 31 Mei 1970 lilipotikisa mlima Huascarán, kilichoufukia mji ni barafu na mawe na tope, ukiandika theluji tu umewapunguzia wale watu ukubwa wa kilichowakuta.

Msomaji wetu anazijua hizi tofauti. Desemba 2023 Mlima Hanang ulipoporomosha tope na mawe na magogo mpaka Katesh, kila mtu alisema maporomoko ya tope, hakuna aliyehitaji kamusi. Mtafsirie kwa umakini uleule.

(Theluji ni ile laini, barafu ni ile ngumu. Kiajemi barf ni theluji, sisi tukaichukua ikawa barafu ngumu, sasa ukiwa na haraka ni rahisi kuzibadilisha.)

Hatua ya 3: wape watu vitenzi vyao

Mtu aliyepitiwa na theluji amesombwa. Aliyebaki chini yake amefukiwa, na akitolewa amefukuliwa. Naona watu wanaandika "walizama kwenye theluji", hapana, kuzama ni kwenda chini mwenyewe polepole, hawa wamefunikwa ghafla na kikubwa kinachowaua ni kukosa hewa ndo maana waokoaji wanahesabu dakika, zikipita 15 hivi nafasi ya kupona inashuka vibaya sana. Sentensi yako iwe na haraka hiyo: "Alisombwa, akafukiwa, wenzake wakamfukua akiwa bado anapumua."

Hatua ya 4: ikiwa ni mafumbo, acha theluji huko mlimani

Sasa ile kazi ya mteja. Ilikuwa tangazo la duka la mtandaoni, wameandika wamepata avalanche ya oda baada ya punguzo la bei, nikajiona nimepata neno zuri nikaweka "oda zimeporomoka". Likatoka hivohivo. Wasomaji wakaelewa duka linakufa! Kosa lilikuwa langu na liliniuma, maana kuporomoka kwetu kukigusa namba ni kushuka: bei imeporomoka, shilingi imeporomoka, kura zimeporomoka. Mwingereza anaona wingi unaomfunika, Mswahili anaona kitu kinaanguka chini. Ni kinyume kabisa.

Kwa hiyo kwenye mafumbo jiulize wingi huo unakujaje. Kama vinakuja kwa kasi kutoka kila upande, tumia kumiminika: oda zimemiminika, simu zikamiminika, watu wakamiminika uwanjani. Kama vimejaa mpaka nafasi haitoshi, kufurika. Kama vimekaa vinakusubiri havisogei, hiyo ni mlundikano, kazi zimelundikana, na avalanche ya imeili nyingi za ofisini ukweli ni mlundikano tu. Maswali yanayompiga mtu mfululizo, "alikumbana na mvua ya maswali", magoli pia ni mvua. Ushindi mkubwa wa uchaguzi tunao tayari, ushindi wa kishindo, na mimi nalipenda sana hilo kwa sababu linakupa mlio wa kitu kizito kikitua, theluji ya nini tena hapo.

Kuna sehemu moja ambapo mzizi uleule unakubali, nayo ni matusi. "Alimporomoshea matusi" ni Kiswahili safi cha mtaani na cha vitabuni, na ni avalanche kamili, kitu kinatoka juu kinamfunika mtu hana pa kukimbilia. Angalia kitenzi: kuporomosha, kuna mtu anayefanya, sio kuporomoka. Herufi chache tu lakini ndo zinabeba maana yote.

Hatua ya 5: majina yaache

Colorado Avalanche ni timu ya hoki ya Denver, Chevrolet Avalanche ilikuwa pikapu, usitafsiri.

Hatua ya 6: msomee mtu asiyeiona ile ya Kiingereza

Mpigie yeyote, msomee sentensi yako peke yake, halafu muulize maswali mawili: vitu vimeongezeka au vimepungua? Kuna mtu ameumia? Mimi siku hizi namsomea dada yangu anayeuza vitambaa, hajali mambo ya tafsiri na ndo uzuri wake. Juzi nilimsomea "malalamiko yamewaporomokea" akaniuliza sasa yamekwisha au yameanza, nikafuta palepale nikaandika "malalamiko yakamiminika", akasema haya endelea.