Somo: Kupima mlango wa nakshi wa Bagamoyo kwa kamera na kuufikisha kwenye miwani ya VR na vipimo vyake

Somo hili ni la anayejifunza fotogrametria (kupima na kujenga modeli ya kitu kutokana na picha zake) na uhalisia pepe (VR) kwa ajili ya kazi ya kulipwa. Mfano wetu ni mlango wa nakshi wa Mji Mkongwe wa Bagamoyo, upana kama mita 2 ukijumlisha miimo, urefu mita 3. Lengo ni kwamba mteja akivaa miwani na kupima mlango ndani yake, apate kipimo cha tepu, tofauti isizidi milimita 3. Modeli inayopendeza lakini haipimiki ni pambo tu, na mapambo wengi wanayatengeneza bure.

Vifaa: kamera ya megapikseli 24 yenye sensa ya APS-C, lenzi ya mm 35 isiyo na zumu, tripodi, fimbo ya kunyanyulia kamera hadi mita 3, fimbo mbili za kipimo za mita 1, alama 12 za kulengea zilizochapwa kwenye karatasi ngumu, kadi ya rangi, tepu ya chuma. Kompyuta iwe na RAM ya GB 32. Ukitumia Meshroom, programu ya bure ya fotogrametria, utahitaji kadi ya grafiki ya NVIDIA kwa hatua za kukokotoa kina. Ruhusa ya mwenye nyumba iwe mkononi kabla hujafungua begi. Kwa magofu ya Kaole au jengo la Caravanserai, anza na ofisi inayoyasimamia.

Hatua ya 1: Piga hesabu ukiwa bado nyumbani

Jiulize pikseli moja itafunika kiasi gani cha mbao. Kanuni: upana wa pikseli mara umbali, gawanya kwa urefu wa fokasi. Sensa yetu ina upana wa mm 23.5 kwa pikseli 6000, yaani mm 0.0039 kwa pikseli. Ukisimama mita 2: 0.0039 × 2000 ÷ 35 = mm 0.22. Mchoro wa patasi wenye upana wa mm 1 utashikwa na pikseli nne hivi, inatosha. Ukirudi nyuma hadi mita 4 inakuwa mm 0.45, na michoro myembamba inaanza kufutika.

Kwa umbali huo wa mita 2, picha moja inafunika mita 1.34 kwa 0.9. Picha zilaliane asilimia 75 kwa upande na 65 kwa wima, kwa hiyo unasogea kama sentimita 30 kila mara, kushoto-kulia na juu-chini. Pamoja na ukingo wa ukuta utapata safu 8 za picha 7.

Hatua ya 2: Chagua saa

Mlango unaotazama bahari unapigwa na jua asubuhi. Njoo saa tisa alasiri ukiwa kivulini. Unaotazama bara, fanya kinyume. Jua kali kwenye nakshi huacha vivuli vyeusi ndani ya mashimo, programu haioni kitu humo, na kivuli kinahama wakati unaendelea kupiga. Siku ya mawingu ni bora kuliko zote. Kamera ikitoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya begi nusu saa, la sivyo lenzi inashika ukungu.

Hatua ya 3: Fimbo za kipimo na alama

Hapa ndipo kazi inapoharibika kimyakimya. Fimbo moja isimame wima kando ya mwimo wa kushoto, nyingine ilale mbele ya kizingiti cha chini. Ya kwanza utaipa programu ili ijue ukubwa. Ya pili usiipe. Hiyo ni ya ukaguzi, na utaifuata hadi mwisho wa kazi.

Fimbo ya alumini hutanuka mikromita 23 kwa kila mita kwa kila nyuzi moja ya joto. Iliyopimwa kwenye nyuzi 25 kisha ikaachwa juani hadi nyuzi 45 imeongezeka karibu mm 0.5. Iweke kivulini, au tumia ya chuma, ambayo hutanuka karibu nusu ya hapo.

Usibandike chochote kwenye mbao za nakshi wala kwenye lipu ya chokaa. Gundi inaondoka na ganda. Alama zibandike kwenye vibao vilivyosimamishwa pembeni, na kila kibao kikandamizwe kwa mfuko wa mchanga. Upepo wa alasiri ukisogeza kibao milimita 4 katikati ya kazi, hutajua mpaka usiku kwenye kompyuta. Kisha pima kwa tepu umbali wa mshazari kati ya alama mbili za pembeni, mara tatu, uandike zote.

Hatua ya 4: Kupiga

Kila kitu kwa mkono: f/8, ISO 100 kwenye tripodi, rangi isiyojibadilisha, faili ghafi (RAW). Ukilenga mita 2 kwa f/8, kilicho kati ya mita 1.6 na 2.7 kinatoka wazi. Lenga mara moja, kisha funga pete ya fokasi kwa utepe wa karatasi wenye gundi, kwa sababu kila ukilenga upya umbo la lenzi linabadilika na programu inabaki kukisia. Zima kitulizo cha mtikisiko. Kwenye fimbo ndefu panda hadi ISO 400 na shata 1/200.

Piga kwanza safu za moja kwa moja. Halafu, na wanafunzi wengi huiruka hii, rudia ukiwa umegeuka nyuzi 30 kutoka kushoto, kisha kutoka kulia, kama picha 30 kila upande. Malizia na picha 8 kamera ikiwa imesimamishwa wima. Jumla ni kama 120. Ukipiga za moja kwa moja peke yake, mlango ulionyooka unatoka umetuna katikati kama sinia lililopinduliwa, kwa kuwa programu haiwezi kutofautisha mpindo wa lenzi na umbo la kitu chenyewe. Picha za mshazari ndizo zinazoipa ushahidi.

Hatua ya 5: Kuchakata na kukagua

Panga picha, ingiza alama, ipe fimbo ya kwanza. Kosa la makadirio (tofauti kati ya mahali nukta ilipo kwenye picha na mahali modeli inaposema ingekuwa) likiwa karibu pikseli 0.5, endelea; likizidi 1, tafuta picha zilizotikisika. Lakini usiringe na namba hiyo. Inaeleza tu kwamba picha zinakubaliana zenyewe kwa zenyewe. Modeli iliyotuna inaweza kuwa na 0.4.

Sasa pima fimbo ya ukaguzi ndani ya modeli. Mita 0.9995 ni nzuri. Ukipata 0.994, pima na ule mshazari. Zote zikikosea kwa uwiano mmoja, umeingiza ukubwa vibaya. Zikikosea tofauti kwa wima na kwa ulalo, umbo limepinda au kibao kimesogea, na hapo dawa ni kurudi Bagamoyo.

Hatua ya 6: Kupunguza

Meshi inayotoka, yaani wavu wa pembetatu unaounda umbo la modeli, ina mamilioni ya pembetatu. Miwani isiyotumia kompyuta haibebi hiyo. Kwa Blender, programu ya kuhariri modeli, ishushe hadi 60,000 hivi, halafu nakshi ndogondogo uzihamishie kwenye ramani ya nomo (picha inayoeleza kila sehemu ya uso inaelekea wapi). Ila ramani ya nomo inadanganya mwanga tu, haina kina. Kwenye skrini ya kawaida huoni tofauti, lakini kwenye VR macho mawili yanagundua mara moja kwamba msumari wa shaba uliochomoza sentimita 3 ni mchoro bapa. Kwa hiyo pembetatu zako zitumie kwenye mfaa (nguzo ya katikati ya mlango), misumari na kingo za miimo. Ukuta upe chache.

Teksicha (picha ya rangi inayofunika modeli) ya pikseli 4096 kwa 4096 bila mfinyo inakula MB 64 za kumbukumbu. Kwa mfinyo wa ASTC 6x6 inashuka hadi MB 7 na kitu. Pima fimbo ya ukaguzi tena baada ya kupunguza.

Hatua ya 7: Kuingiza kwenye injini

Toa faili kwa glTF, aina ya faili la modeli ambayo kipimo chake ni mita kwa kanuni. FBX, aina nyingine ya faili, ikitoka Blender kwenda Unity (injini ya kuendeshea VR) mara nyingi huleta kosa la ukubwa la mara 100. Kwa miwani ya hezi 72, yaani fremu 72 kwa sekunde, una milisekunde 13.9 za kuchora kila fremu, macho yote mawili. Ili muda huo utoshe, mlango uwe na materiali (maelezo ya rangi na mng'ao wa uso) moja, si tano.

Maswali ya wanafunzi

*Kutoka Ngamiani, Tanga: Shikamoo walimu. Sina kamera, nina simu tu. Nianze?*

Marahaba, anza. Tumia lenzi kuu peke yake, usichanganye na ile pana. Funga fokasi na mwanga, zima HDR. Simu ya megapikseli 12 ukisimama mita 1 inakupa karibu mm 0.33 kwa pikseli, hivyo picha zitakuwa nyingi zaidi. Fimbo mbili ziko palepale, simu haikusamehe hilo.

*Kutoka Raskazone: Na Mapango ya Amboni, mle gizani?*

Taa zisimame mahali pamoja, kamera kwenye tripodi, shata hata sekunde 2. Ukitembea na tochi, vivuli vinatembea nawe na programu inavichukua kama sehemu ya jiwe. Kama lazima taa iende na kamera, iwe pana na ikae karibu kabisa na lenzi.

*Ukuta uliopakwa chokaa nyeupe unatoka na matundu. Niongeze picha?*

Picha haziongezi kitu mahali pasipo na alama ya kushika. Sogea karibu hadi vinyweleo vya chokaa vionekane, au chukua ukuta kama bapa: pima pembe zake kwa tepu, uujenge kwa mkono, na uandike kwenye ripoti kwamba sehemu hiyo haikupimwa kwa picha.

*Modeli ina vipimo sahihi Blender, lakini ndani ya miwani kizingiti cha juu kinaonekana kiko chini mno.*

Kagua asili ya ufuatiliaji, yaani sifuri ambayo miwani inapimia kimo chako. Iwe sakafuni. Watu wengi huacha kimo cha kamera kilichoongezwa kwa mkono, halafu miwani nayo inaongeza kimo halisi cha mtu, basi unatazama mlango ukiwa juu ya kitu kama meza. Weka rula ya mita 1 ya kweli sakafuni na nyingine ya ndani ya VR mahali palepale, gusa ncha zote kwa kidhibiti cha mkononi uone kama zinalingana.

*Nimetumia kordineti za UTM (mfumo wa ramani unaohesabu kwa mita) zoni 37 kusini ili modeli ikae mahali pake kwenye ramani. Ikifika Unity inatetemeka na nakshi zimekatika ngazi-ngazi.*

Bagamoyo kwa UTM iko kwenye mita milioni 9.29 hivi za kaskazini. Namba za biti 32, ambazo Unity hutumia kwa mahali pa kitu, zikizidi 8,388,608 haziwezi tena kutofautisha kitu kidogo kuliko mita 1, na nakshi zako ni za milimita. Hamisha sifuri iwe katikati ya kizingiti cha chini kabla ya kutoa faili. Kiasi ulichohamisha kiandike kwenye faili la maandishi, ukae nacho pamoja na modeli.