Kukagua tangi la petroli linalovuja bila kujichoma

Kinachowaka kwanza ni mvuke wa petroli. Ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo haupandi ukapotea. Unatambaa chini na kutuama kwenye shimo la gereji, pale pale unapotaka kulala. Petroli hutoa mvuke wa kuwaka hata kwenye nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse Dar es Salaam saa saba mchana.

1. Sukuma gari hadi nje, penye upepo, mbali na jiko la mkaa, jenereta na mashine ya kuchomelea. Usiliwashe. Subiri ekzosi ipoe. Mafuta yakiwa yanachuruzika, usiingie uvunguni kabisa: zuia watu wasisogee, ita zimamoto.

2. Chomoa waya hasi wa betri. Simu iache mbali, tochi iwashe kabla hujasogea. Weka karibu mtungi wa poda wa kuzimia moto. Maji hayafai, petroli huelea juu yake na moto husambaa.

3. Inua gari, liweke kwenye stendi. Jeki peke yake haitoshi. Vaa miwani. Futa tangi kwa kitambaa cha pamba mpaka likauke, tandika boksi safi chini, kisha subiri nusu saa.

4. Sasa soma alama. Tone huanguka sehemu ya chini kabisa, lakini tundu mara nyingi liko juu zaidi, kwa hiyo fuata unyevu kwenda juu. Mimi huanza na mikanda inayoshikilia tangi, maana tope hukaa hapo na kutu ikala bati, kisha mshono, kisha mpira wa shingo ya kujazia. Likivuja baada ya kujaza fulu tangi tu, shuku mpira wa pampu juu ya tangi; kwenye Corolla nyingi unaufikia chini ya kiti cha nyuma.

Usipime kwa upepo wa kompresa. Tangi halikutengenezwa kubeba presha hiyo.

Jasho dogo unaweza kulisugulia sabuni ya mche ili ulifikishe gari kwa fundi, basi. Na nakuomba sana, usikubali lichomelewe kwa sababu "limeshamwagwa mafuta". Tangi tupu limejaa mvuke, na ndilo linalolipuka.

Matambara yaliyolowa yaanike nje, moja moja. Usiyarudishe kwenye buti.