Somo: Kupamba herufi kwa dhahabu, kwa mkono wa Ulaya na kwa mkono wa India

Wadau, somo hili ni la wale ambao mkono wao umeshazoea kalamu na wino, na sasa wanataka herufi ing'ae kama zile za vitabu vya mkono vya Ulaya ya zama za kati, au kama picha ndogondogo za makasri ya Wamughali, ukoo wa wafalme waliotawala kule India. Nafundisha njia zote mbili kwa pamoja kwa sababu swali linalowakwamisha wengi ni lilelile: dhahabu inatangulia rangi au inaifuata? Fundi wa Ulaya atakwambia inatangulia. Fundi wa India atakwambia ngoja mwishoni. Wote wawili wako sahihi, na ukishaelewa kwa nini, huna haja ya kukariri hatua.

Dhahabu ya vitabu iko ya aina mbili. Kuna utando, yaani dhahabu iliyofuliwa kwa nyundo hadi ikawa nyepesi kiasi kwamba ukikohoa inapeperuka. Halafu kuna unga, ambao ni utando huohuo uliosagwa ukachanganywa na gundi, ukapakwa kwa brashi kama rangi nyingine yoyote. Utando unanasa popote penye gundi au unyevu, na ili ung'ae lazima uukandamize kwa jiwe. Ukitanguliza rangi, utando utanasa juu ya rangi, na jiwe litaivuruga. Unga hauna fujo hizo, ndiyo maana unaweza kusubiri.

Ushahidi upo. Maktaba ya Bodleian mjini Oxford inatunza kitabu cha Ufunuo kiitwacho Douce Apocalypse, kilichotengenezwa kati ya 1260 na 1275 kwa ajili ya mwanamfalme Edward wa Uingereza na mkewe Eleanor. Hakikumalizwa. Kuna kurasa zenye mistari ya wino na dhahabu tayari imelala mahali pake, ila rangi hazijaguswa. Kwa mwanafunzi, kurasa hizo zina faida kuliko zilizokamilika, maana unaona fundi aliishia wapi.

Vifaa: karatasi nzito ya pamba ya rangi za maji, ile yenye uso laini, penseli ngumu, brashi mbili nyembamba, gamu arabiki (ni utomvu wa migunga), utando wa dhahabu, na jiwe la akiki lililosuguliwa. Wazungu wa enzi hizo waliandikia ngozi ya ndama, kondoo au mbuzi, iliyolowekwa kwenye chokaa, ikawambwa kwenye fremu na kukwanguliwa. Usianze na ngozi. Ni ghali, na inajikunja hewa ikibadilika.

NJIA YA ULAYA

Hatua ya 1. Chora herufi kwa penseli, pitisha wino, acha ikauke kabisa.

Hatua ya 2. Tengeneza tuta. Ile dhahabu inayoonekana kama imevimba kwenye ukurasa imelala juu ya jasi, yaani unga mweupe wa plasta. Cennino Cennini, mchoraji wa Italia aliyeandika maelekezo ya ufundi wake miaka ya 1400 hivi, anataka jasi ilowekwe na kukorogwa kila siku kwa mwezi mzima, ili isigande tena kama plasta. Jasi hiyo unaichanganya na gundi ya samaki, sukari kidogo, na chembe ya udongo mwekundu ili uone ulikopaka. Sukari haikuwekwa kwa bahati mbaya: inavuta unyevu, na unyevu ndio utakaonasa dhahabu. Wa zamani waliongeza unga mweupe wa madini ya risasi. Huo ni sumu, uache; chaki laini inatosha.

Dondosha mchanganyiko, usipake. Jaza brashi, gusa katikati ya herufi, kisha vuta tone hadi kwenye kingo. Mapovu yatakusumbua, na kila povu ni shimo kesho yake. Yatoboe kwa sindano kabla hayajakauka. (Maelekezo ya zamani yanataja nta ya sikio kama dawa ya mapovu. Mwenye moyo ajaribu.) Acha ikauke usiku kucha, halafu kwangua taratibu kwa kisu hadi uso uwe sawa. Hapa usiwe na haraka hata kidogo. Mkwaruzo ambao huuoni kwenye jasi, dhahabu itauonyesha.

Hatua ya 3. Puliza. Tumia mrija wa karatasi, toa pumzi ya moto kutoka kifuani, mara tatu nne, juu ya jasi. Sukari itaamka. Weka utando papo hapo, funika kwa karatasi nyororo, bonyeza kwa kidole. Palipokataa, puliza tena na uongeze kipande.

Hatua ya 4. Sugua kwa akiki, kwanza juu ya karatasi, kisha moja kwa moja kwenye dhahabu. Cennini anasema hata jino la mbwa, simba au chui linafaa, mradi ni la mnyama anayekula nyama. Dhahabu itabadilika mbele ya macho yako: kutoka njano iliyofifia hadi kioo, na ukiinamisha ukurasa inakuwa nyeusi. Hiyo nyeusi ndiyo dalili kwamba uso umekaa sawa.

Hatua ya 5. Fagia mabaki, paka rangi, malizia na mstari mweusi kuzunguka dhahabu. Mstari huo unaficha kingo zilizomeguka, na hata mabingwa waliutumia.

NJIA YA INDIA

Hapa kazi kubwa iko kwenye karatasi. Inaitwa wasli: karatasi kadhaa zilizobandikwa pamoja kwa uji wa unga wa ngano, zikasuguliwa kwa akiki hadi zikawa laini kama kigae. Bandika tatu au nne, kausha chini ya kitu kizito, sugua pande zote mbili.

Chora kwa mstari mwepesi mwekundu, funika kwa rangi nyeupe nyembamba ambayo mchoro unaonekana chini yake, kisha chora upya kwa uhakika. Paka rangi tabaka kwa tabaka. Baada ya kila tabaka, geuza kazi kifudifudi kwenye kioo safi na usugue mgongo wake kwa jiwe. Rangi inajibana na kuingia ndani ya karatasi. Wengi wanairuka hatua hii halafu wanalalamika rangi zao zina vumbivumbi.

Dhahabu sasa. Weka utando kwenye kisahani pamoja na gamu arabiki nzito au asali, saga kwa kidole, na usiache upesi. Ongeza maji, acha dhahabu itulie chini, mwaga maji ya juu. Rudia hadi maji yatoke safi. Changanya na tone la gamu, paka, sugua. Ukitaka taji au upanga vimetemete, toboa vinukta kwa sindano butu bila kupasua karatasi. Kila kinukta kinashika mwanga kwa upande wake.

Na msidhani Ulaya hawakuujua unga. Katika karne ya 15 wachoraji wa Ufaransa waliupaka kama mistari myembamba ya mwanga kwenye mikunjo ya nguo, na wao pia waliuweka mwishoni.

MASWALI YA WANACHAMA

mwandishi_tanga: Mkuu, dhahabu ni bei. Utando wa shaba je?

Jibu: Kwa mazoezi sawa. Ila shaba inachakaa, miaka michache inageuka kahawia au kijani, na hainati kwa pumzi, inahitaji gundi halisi. Kwa kazi ya kumpa mtu, afadhali herufi moja ndogo ya dhahabu kuliko ukurasa mzima wa shaba.

Pwani Kwetu: Niko Mombasa. Utando unaganda kila mahali hadi kwenye karatasi tupu.

Jibu: Ni unyevu wa hewa, pole. Pitisha poda ya watoto kidogo sana kwenye karatasi, mbali na jasi, kisha ifute. Fanya kazi mchana jua likiwa kali, siyo alfajiri. Na punguza sukari, maana hewa yenu inafanya kazi ambayo pumzi hufanya kwingine.

Dada Mchoraji: Ile buluu nzito ya vitabu hivyo naipataje?

Jibu: Ya asili ni jiwe la lazuli kutoka Badakhshan, Afghanistan, na jiwe hilohilo lilikwenda Ulaya na India. Mwaka 2019 watafiti walitangaza kwamba wamekuta chembe zake kwenye ukoga mgumu wa meno ya mwanamke aliyezikwa kwenye makaburi ya watawa wa kike huko Dalheim, Ujerumani, aliyeishi kati ya 997 na 1162. Wanaona inaelekea zaidi kwamba alikuwa mchoraji akilamba ncha ya brashi. Wewe usilambe. Rangi ya dukani inayoiga lazuli imekuwapo tangu miaka ya 1820 na inatosha. Buluu ya kufulia nguo pia mara nyingi ni rangi hiyohiyo, lakini nyingine ni rangi ya kutilia nguo tu, kwa hiyo jaribu pembeni kwanza.

fundi_seremala: Kazi yote hii aliifanya mtu mmoja?

Jibu: Mara chache. Kwa Akbar, mfalme wa Kimughali aliyetawala 1556 hadi 1605, mmoja alipanga picha, mwingine akapaka, na wakati mwingine wa tatu akaitwa kwa ajili ya nyuso tu. Tazama ile picha ya Akbar juu ya tembo Hawa'i akivuka daraja la mashua, iliyoko makumbusho ya Victoria and Albert, London. Mpangaji ni Basawan, mpakaji ni Chetar. Kwa hiyo ukishindwa nyuso, tafuta mwenzako.

Msomaji Lamu: Sisi pwani hatukuwa na kazi kama hii?

Jibu: Ilikuwapo, ndugu yangu. Misahafu ya Siyu, kisiwani Pate, ya karne ya 18 na 19, imepambwa kwa nyekundu, nyeusi na njano, mapambo yakizunguka aya bila sura ya kiumbe. Ukitaka kuanza bila gharama ya dhahabu, anza na hiyo: rangi tatu na mkono usiotetemeka. Somo lake nitaliweka kivyake.

mwandishi_tanga: Na jasi ikipasuka baada ya kukauka?

Jibu: Gundi imezidi, au umemimina nene kwa mara moja. Kwangua yote, anza upya na tabaka mbili nyembamba. Usijaribu kuziba ufa, dhahabu itauchora.