Somo: Kuchagua pandeiro na kuanza kuipiga

Pandeiro ni ngoma ya mkononi ya Brazili. Ina fremu ya mbao ya mviringo, ngozi upande mmoja, na jozi za visahani vya chuma vilivyopachikwa katika matundu ya fremu hiyo. Husikika katika mitindo ya muziki wa huko: katika samba, katika choro, katika baião na coco za kaskazini mashariki, na katika duara la kapoeira, mchezo wa mapigano unaoendeshwa kwa muziki. Popote inapopigwa, mpigaji mmoja hubeba besi, kofi na mlio wa visahani kwa pamoja. Ninachotaka mwanafunzi akishike tangu mwanzo ni kwamba sauti hizo hazitoki katika mkono unaopiga peke yake. Mkono unaoshika ndio unaofungua na kufunga mlio wa ngozi, na ndio unaoipeleka ngoma kukutana na vidole. Kwa hiyo, unaponunua, nunua kwa ajili ya mkono huo.

Kuchagua

Pandeiro huuzwa kwa kipenyo cha inchi 8, 10, 11 na 12. Kwa anayeanza, inchi 10, yaani takribani sentimita 25, ndiyo inayofaa, kwa sababu kiganja kinafika katikati na ukingoni bila kunyoosha mkono, na uzito wake bado unavumilika. Ile ya inchi 12 yenye ngozi ya plastiki hupendwa na wapigaji wa pagode, aina mojawapo ya samba, lakini humchosha haraka mtu ambaye misuli yake haijazoea. Ukiwa dukani, ishike kwa mkono wa kushoto, kiwiko kikiwa karibu na mbavu, ukae nayo dakika tano nzima huku ukizungusha kifundo cha mkono. Ikiwa mkono umeanza kuuma kabla ya dakika hizo kwisha, iache, hata kama mapambo yake yanavutia.

Kisha sikiliza visahani. Katika pandeiro nzuri kila jozi imekunjwa kama vikombe vidogo vinavyotazamana, na katikati yao huwekwa kisahani cha tatu kilicho bapa, ambacho kazi yake ni kukata mlio. Itikise mara moja tu na usimamishe mkono: mlio unapaswa kukatika hapo hapo. Ukiendelea kuning'inia, ngoma hiyo itakufunika mapigo kila utakapoongeza kasi, na hakuna ufundi wa mkono utakaoliponya tatizo hilo.

Ngozi ya mbuzi hutoa besi ya joto na ndiyo ninayoipendekeza kwa choro, samba ya taratibu na kapoeira. Ya plastiki haisumbuliwi na unyevu, ina sauti kali, na hufaa panapokuwa na ala nyingi zenye kelele. Vyovyote utakavyochagua, hakikisha kuna skrubu za kukazia na spana yake, kisha ilaze ngoma juu ya meza iliyonyooka uone kama fremu imepinda. Gonga ngozi kwa ncha ya kidole karibu na kila skrubu. Sauti ikitofautiana sana, kaza kidogo kidogo skrubu ambayo sauti yake iko chini, ukivuka kwenda upande wa pili kila mara, badala ya kufuata mzunguko.

Hatua ya kwanza: kushika

Ngoma ikae karibu ulalo, ikiinama kidogo kuelekea mkono wa kulia. Dole gumba la kushoto huegemea ukingo wa juu, vidole vingine hushika fremu kwa chini, isipokuwa kidole cha kati, ambacho hubaki huru chini ya ngozi. Kidole hicho ndicho siri ya ala hii. Kikigusa ngozi kwa chini, besi hufungwa na kuwa kavu. Kikiondoka, besi hufunguka na kuvuma. Kabla ya kujifunza mdundo wowote, piga dole gumba la kulia polepole, moja kidole kikigusa, moja kikiwa kimeachia, mpaka tofauti isikike hata kwa mtu aliye chumba cha pili.

Hatua ya pili: sauti nne

Dole gumba hupiga kwa ubavu wake, sentimita mbili hivi kutoka ukingoni, na kuruka mara moja. Likikaa juu ya ngozi linaiua besi. Ncha za vidole hugusa upande wa mbele wa ngozi, na kitako cha kiganja, yaani sehemu nene iliyo karibu na kifundo, hugusa upande ulio karibu nawe. Sauti hizi mbili ni nyepesi na kazi yake kubwa ni kuamsha visahani. Kofi hupigwa katikati kwa kiganja kilichokunjwa kidogo, na mkono hubaki juu ya ngozi.

Hatua ya tatu: mdundo wa samba

Gawa kila pigo katika mapigo madogo manne: dole gumba, ncha, kitako, ncha. Mkono wa kulia hausafiri mbali. Kifundo cha kushoto ndicho kinachoizungusha ngoma kwenda na kurudi, kama mtu anayezungusha kitasa cha mlango, ili upande unaotakiwa uufuate mkono. Hapa ndipo wanafunzi wengi hukata tamaa, kwa kuwa huuacha mkono wa kushoto umekakamaa na kuuchosha wa kulia.

Samba huhesabiwa kwa mapigo mawili, na zito ni la pili, kama linavyopigwa na surdo, ngoma kubwa ya besi. Basi dole gumba la pigo la kwanza lipigwe ngozi ikiwa imefungwa, na la pigo la pili ikiwa wazi. Anza na mapigo 60 kwa dakika ukitumia metronomu, kifaa cha kuhesabia mapigo, ambacho siku hizi hupatikana katika simu, na usipandishe mpaka mapigo madogo yote manne yasikike. Baadaye yape uzito kidogo la kwanza na la nne. Bila uzito huo mdundo hutembea vizuri lakini hauchezeki.

Hatua ya nne: kusikiliza

Msikilize Jackson do Pandeiro (1919–1982), mwana wa jimbo la Paraíba, uone sauti ya mwimbaji na mdundo zinavyovutana bila kupotezana. Kwa choro, mtafute Jorginho do Pandeiro; kwa besi nzito ya kisasa, Marcos Suzano, ambaye huanza mzunguko kwa ncha za vidole badala ya dole gumba. Pia ni vyema kujua kwamba ala hii ilipata heshima yake kwa taabu: inasimuliwa kwamba mwaka 1908 polisi wa Rio de Janeiro walimnyang'anya João da Baiana pandeiro yake, na seneta Pinheiro Machado akampa nyingine yenye maandishi ya kumsifu.

Maswali ya wanafunzi

*Mwalimu, mimi hupiga tari katika maulidi. Je, naweza kulitumia kujifunzia?*

Unaweza kwa hatua ya pili, ndugu yangu, na vidole vyako vitakuwa na faida kubwa kuliko vya wengine. Lakini tari huwambwa moja kwa moja kwenye mbao na kukazwa kwa moto, na visahani vyake huachwa vilie kwa muda. Besi ya kufungua na kufunga inahitaji ngozi iliyolegea zaidi, kwa hiyo utafika mahali ambapo pandeiro yenyewe italazimika.

*Naishi Tanga. Ngozi inalegea kila jioni. Nikaze skrubu?*

Kaza kidogo, ila ukumbuke kuilegeza kabla ya jua la mchana, kwa maana ngozi iliyokazwa ikiwa na unyevu hujivuta inapokauka na huweza kupasuka. Usiiache ndani ya gari lililofungwa.

*Mimi natumia mkono wa kushoto. Nigeuze?*

Geuza bila wasiwasi. Fremu nyingi hazina upande wa kulia wala wa kushoto.

*Ngozi yangu imechanika na hapa hakuna duka la vipuri. Fundi wa ngoma anaweza kuniwambia nyingine?*

Anaweza, mradi umweleze mambo mawili. Ngozi ya mbuzi iwe nyembamba kuliko ile ya ngoma kubwa, na izungushiwe ile pete ya ndani inayobanwa na skrubu, wala isipigiliwe misumari kwenye fremu. Ailoweke mpaka ilainike, aiwambe bila kuivuta sana, kisha ikauke kivulini mpaka isiwe na ubaridi wowote ukiigusa; hapo ndipo ukaze kwa spana.