Anza na barua pepe kabla ya kununua kompyuta

Studio yetu iko Ngamiani, hapa Tanga, juu ya duka la vitenge. Tuko tisa: tunatengeneza vipindi vya redio, video na matangazo. Mimi ni mhariri wa sauti, lakini kompyuta ikigoma, anaitwa huyuhuyu.

Siku moja mteja wa matangazo alipiga simu kuuliza mbona tumehama benki. Alikuwa amepokea ankara yenye nembo yetu, anwani yetu ya barua pepe herufi kwa herufi, na namba ya akaunti tusiyoijua. Nashukuru alipiga kabla ya kulipa. Nilikagua kila mashine nisione dalili ya mtu kuingia. Hakuhitaji kuingia: domeini yetu, yaani jina la mtandaoni linalofuata alama ya @ kwenye anwani zetu, haikuwa na kizuizi chochote, kwa hiyo yeyote angeweza kutuma barua kwa jina letu. Mama mkurugenzi alitaka tununue kompyuta mpya. Nikamwomba pesa hiyo isubiri.

Nanyi wa ofisi ndogo kama yetu, ulizeni kwanza domeini ni ya nani. Yetu ilisajiliwa kwa jina la fundi aliyetujengea tovuti, na ujumbe wa kulipia upya ulikuwa unakwenda kwake. Ihamishieni kwa jina la kampuni, na anwani ya usajili isiwe ndani ya domeini hiyohiyo. Domeini ikikatika, na barua ya kuiokoa haitawafikia.

Kisha hamisheni barua zenyewe. Zetu zote zilikaa kwenye kompyuta ya mapokezi, kwa sababu programu ilikuwa ikizivuta kwa POP, njia ya kushusha barua kwenye mashine moja, na kuzifuta kwenye seva, yaani kompyuta ya mtandaoni inayozipokea. Mikataba ya miaka mingi ilitegemea diski moja kuukuu, kwenye chumba chenye hewa ya chumvi ya bahari. Tulichukua huduma inayotumia IMAP, njia inayoziacha barua kwenye seva ili kila mashine izione, tukapandisha barua za zamani folda kwa folda. Siku moja kabla ya kuhama, chukueni rekodi ya MX, inayoonyesha barua zenu ziende seva gani, mshushe TTL yake, yaani muda ambao wengine huikumbuka, hadi sekunde 300 ili mabadiliko yaenee upesi. Sisi tulihama Jumamosi usiku baada ya kipindi cha mwisho, na seva ya zamani tukaiacha hai wiki mbili kwa ajili ya barua zilizochelewa.

Sasa rekodi tatu za DNS, ile orodha ya mtandaoni inayotunza maelezo ya domeini, na hapa msiwe na haraka. SPF inataja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lenu. Iwe moja tu. Mkiweka mbili, zote zinaharibika. Pia isilazimishe utafutaji wa DNS zaidi ya mara 10. DKIM inatia kila barua saini. Chagueni ufunguo wa biti 2048. DMARC inamwambia mpokeaji afanye nini barua isipolingana na hata moja kati ya hizo mbili. Anzeni na p=none (barua isizuiwe) pamoja na anwani ya kupokea ripoti, msome ripoti hizo kwa wiki kadhaa. Sisi ndipo tulipogundua kwamba programu ya mhasibu hutuma ankara yenyewe, kwa seva nyingine kabisa. Tungekimbilia p=reject (barua ikataliwe), ankara zetu halali zingekataliwa. Tuliiongeza kwenye SPF, tukaiwekea DKIM, tukapanda hadi quarantine (barua iwekwe kwenye taka), mwisho reject. Tangu Februari 2024, Gmail na Yahoo wanataka hata mtumaji mdogo awe na SPF au DKIM, kwa hiyo kazi hii inasaidia pia jarida lenu lisiangukie kwenye taka.

Lakini DMARC haimzuii mtu kusajili jina linalofanana na lenu, tofauti ya herufi moja. Kwa hilo tumewaandikia wateja wote: mkisikia akaunti ya benki imebadilika, mpigieni mhasibu kwa namba iliyo kwenye mkataba, kamwe si ile iliyo kwenye barua.

Kila akaunti iwe na paswedi yake na uthibitisho wa hatua mbili. Tumieni programu ya kwenye simu inayotoa namba za uthibitisho badala ya SMS, maana laini inaweza kuhamishwa kwa hila. Angalieni pia kwenye mipangilio ya barua pepe kama kuna kanuni iliyofichwa inayopeleka nakala za barua nje. Halafu kuna walioondoka. Wanasema Tanga waja leo waondoka leo, na wapiga picha wa mkataba ndivyo walivyo. Tulikuta akaunti nne za watu waliokwishaaga. Siku ya kuaga ndiyo siku ya kufunga akaunti.

Kompyuta zilikuja mwisho. Windows 10 iliacha kupata masasisho ya bure ya kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, na mashine zetu mbili hazikuwa na TPM 2.0, chipu ya usalama inayotakiwa na Windows 11. Moja tumeiwekea Linux, mfumo mwingine badala ya Windows. Nyingine inacheza sauti tu, bila intaneti.

Vipindi tunavihifadhi nakala tatu: kwenye kompyuta, kwenye diski ya ofisini, na kwenye diski inayokaa nyumbani kwa mkurugenzi, Raskazone. Diski ichomolewe mkimaliza kunakili, maana kirusi kinachofunga mafaili hufunga na kilichochomekwa. Kila Jumatatu ya kwanza ya mwezi tunachagua kipindi kimoja cha zamani na kukirudisha kutoka kwenye nakala, kuona kama zinafunguka. Mwezi uliopita diski ya ofisini haikufunguka. Tulinunua nyingine siku hiyohiyo, tukaijaza kutoka ile ya Raskazone.