Mmeshapima hifadhi ya bahari, sasa zile namba mzitumieje kuamua uvuvi wa kijiji

Huku pwani kupima tunapima sana. Wanakuja watu na mitungi ya hewa, wanazama, wanahesabu samaki ndani ya hifadhi, wanaandika, wanaondoka, mwaka unaofuata wanarudi tena, afu pale dikoni, vyombo vinaposhusha samaki, mwenyekiti wa BMU (kamati ya wavuvi inayosimamia ufukwe) akiulizwa mwaka huu tufunge mwamba upi, au haya madema, mitego ya kusukwa, tuyafanyeje, anajibu kwa kukisia. Inaniuma kweli kwa sababu majibu yamo kwenye zile namba, ila lazima zikusanywe kwa namna ambayo kamati inaweza kuzitumia. Naandika kwa ajili ya BMU, kamati za wavuvi za shehia kule Zanzibar, na kijiji chochote kilicho jirani na eneo lililofungwa, iwe hifadhi kubwa kama ya Mafia iliyotangazwa 1995 au tengefu dogo la wanakijiji wenyewe kama Kuruwitu kule Kilifi, hekta 30 hivi tu.

Anzeni na uamuzi, kamba ya kupimia baadaye. Yaani kabla hajaingia mtu majini, kaeni kikao mkubaliane: kilo za changu kwa mvuvi kwa siku zikishuka chini ya kiasi fulani kaskazi mbili (misimu ya upepo wa kaskazini) mfululizo, tunafanya nini? Samaki wachanga wakizidi nusu ya kapu la dema, tunafanya nini? Andikeni kwenye muhtasari, watu waweke saini. Manake namba zikishatoka kila mtu atazisoma anavyotaka, mwenye juya, ule wavu wa kukokota, atasema bahari imechafuka, mwenye mshipi atasema ni juya, na kikao kinavunjika hapohapo. Mkishakubaliana mapema, mabishano yanabaki kwenye kipimo, kama kilifanyika sawasawa au la, na hayo yanaamulika.

Sasa hifadhi inaingiaje kwenye uvuvi? Inaingia kama rula. Mwamba uliofungwa miaka mingi unawaonyesha mwamba wenu ungekuwaje kama hauvuliwi, na bila hiyo mzee atakwambia zamani samaki walikuwa tele, kijana atakwambia mbona wapo, wote wawili wanasema kweli kwa walivyoona wao. Watafiti waliolinganisha miamba mingi ya Bahari ya Hindi upande wetu, inayovuliwa na isiyovuliwa, walikuta mwamba usiovuliwa unabeba samaki kama kilo 1,200 kwa hekta, na kwamba mwamba unaovuliwa unawapa wavuvi mavuno makubwa zaidi pale samaki wanaobaki majini wakiwa kati ya kilo 300 na 600 kwa hekta. Mkishuka chini ya 300 mnapoteza mara mbili, kapu linapungua na mwamba wenyewe unaanza kuharibika. Hizi namba zibandikeni ukutani ofisini.

Kuzipata sio kazi ya maprofesa peke yao, vijana wetu wengi wanapiga mbizi kwa miwani tu na wanawajua samaki kuliko mgeni yeyote. Tandaza kamba ya mita 50, subiri samaki watulie, afu ogelea polepole ukihesabu mita 2.5 kila upande. Hapo umepima mita za mraba 250, na hekta moja inaingia vipande 40 vya hivyo, kwa hiyo ukikuta samaki wa kilo 9 kwenye kipande (mfano tu) zidisha mara 40, ni kilo 360 kwa hekta. Samaki anayekuja kutokea nyuma yako usimhesabu. Rudieni kamba tano au zaidi kila mwamba, mpate wastani, maana kamba moja inaweza kuangukia kundi la pono ukadhani mmetajirika.

Uzito mnaupata kutoka kwenye urefu, kuna majedwali kila aina na yake kwenye FishBase, tovuti ya taarifa za samaki, bure. Kukadiria urefu chini ya maji kunadanganya, kila kitu kinaonekana kikubwa, kwa hiyo kateni vipande vya bomba vya urefu mnaoujua mvizamishe, vijana wakisie, muwasahihishe mpaka wazoee. Na hili mlishike: samaki akiwa mrefu mara mbili uzito wake unakuwa kama mara nane. Changu mmoja wa sentimita 40 ana uzito wa changu wanane wa sentimita 20, na mayai yake ni mengi zaidi. Ndio maana ukihesabu vichwa tu bila urefu unaweza kuona mwamba una samaki kibao kumbe ni watoto watupu.

Pimeni ndani na nje ya hifadhi, miamba ya aina moja, kina kimoja, msimu mmoja. Kulinganisha mwamba wa ndani uliopimwa kaskazi maji maangavu na wa nje uliopimwa kusi (msimu wa upepo wa kusini) bahari imechafuka ni kujidanganya.

Upande wa pili ni dikoni, na hapa ndipo naona tunapuuzia sana wakati ndipo penye uamuzi. Mkaguzi wa BMU awe na daftari na mizani, aandike chombo, zana, wavuvi wangapi, walitoka saa ngapi wakarudi saa ngapi, walivua upande gani, kilo ngapi kwa aina. Chagueni siku za bamvua (maji yanapojaa na kupwa sana) na siku za maji mafu (yanapojaa na kupwa kidogo), kusi na kaskazi, sio kila siku, mtachoka mwezi wa kwanza. Afu gawanya kilo kwa wavuvi. Kilo za jumla zinapotosha sana, kijiji kinaweza kuleta samaki wengi kuliko mwaka jana kwa sababu tu vyombo vimeongezeka, huku kila mvuvi anarudi na kidogo. Urefu pimeni kabla mchuuzi hajachagua, ukipima waliobaki kwenye tenga baada ya tajiri kuondoka na wakubwa utapata picha ya uongo. Aina tatu nne zinatosha, mathalani tasi, changu, pono na pweza.

Haya, sasa wekeni daftari mbili mezani, la wapiga mbizi na la dikoni. Ndani samaki ni wengi na wakubwa, nje ni wachache na wadogo: hapo tatizo ni uvuvi, zungumzeni zana na ukubwa wa samaki bila kuzungukazunguka. Ndani na nje kote kumeshuka: msikimbilie kumlaumu mvuvi, angalieni matumbawe kwanza. 1998 joto la bahari liliua matumbawe mengi sana ukanda wetu, 2016 na 2024 yakapauka tena, na mwamba uliokufa hauleti samaki hata ukiufunga. Kama matumbawe ni mazima na bado ndani kumeshuka, basi kuna mtu anaingia usiku, tafuteni kumbukumbu za doria.

Dalili nyingine nzuri ni mpakani. Pale hifadhi ya Mombasa watafiti walikuta madema yaliyotegwa karibu na mpaka yanapata zaidi kuliko ya mbali, samaki wanatoka nje. Ila hawatoki mbali, kwa hiyo diko lililo mbali msiliahidi kitu hicho, mtawapoteza wavuvi wake kabisa. Na mwamba ukijaa wale wanyama wa duara wa miba mirefu myeusi (kwa Kiingereza sea urchin), ulizeni samaki aitwaye kikande yuko wapi, yeye ndiye anayewala, kikande wakivuliwa wote, wale wa miba wanautafuna mwamba. Kulinda kikande ni sheria rahisi, wengi hawampendi sokoni.

Dawa ifuate ugonjwa. Wachanga wanatoka kwenye dema, ongezeni mwanya wa kuwatorosha wadogo. Wanatoka kwenye juya, sheria inakataza tayari, shida ni usimamizi, msitunge sheria juu ya sheria. Ni pweza, funga mwamba miezi miwili mitatu, anakua haraka mno na matokeo yanaonekana msimu huohuo, kama walivyofanya Andavadoaka, Madagaska, tangu 2004. Chewa na pono wakubwa wanataka miaka mingi, usiwaambie watu watawaona mwakani.

Na siku ya kufungua mwamba wa pweza ndio ya hatari kuliko zote. Watu mia wanashuka na mikuki, wanakanyaga matumbawe, kila kitu kinaisha asubuhi moja. Wekeni zamu, mizani iwe ufukweni, Tanzania pweza chini ya gramu 500 haruhusiwi kisheria kwa hiyo mwenye nao aonywe wazi, na kinamama wanaovua kwa miguu wawe na nafasi yao, wao ndio waliovumilia kipindi chote cha kufunga.

Matokeo yarudisheni kijijini ndani ya mwezi, kwa karatasi kubwa, kilo na shilingi, hakuna haja ya kompyuta. Majina ya wavuvi na maficho yao ya kuvulia msiyataje hadharani, mkiyataja mara moja hakuna atakayewaambia ukweli tena. Kikao kikipitisha jambo, lipelekeni halmashauri liwe sheria ndogo, bila hivyo mvuvi wa kutoka kijiji kingine atawacheka tu.

Hela ikipungua, kateni kuzamia iwe mara moja kila miaka miwili, mwamba haubadiliki kwa mwezi. Daftari la dikoni msilikate hata msimu mmoja, pengo la kusi moja linatosha kumpa mbishi hoja.